TEKNOLOJIA: Ukubwa pekee hautoshi unapochagua skrini isiyochosha macho

KATIKA wiki ya mwisho ya Juni, maduka ya huduma za mtandao katika soko la Kangari, eneobunge la Kigumo, Kaunti ya Murang'a, huwa na pilkapilka nyingi. Hiyo ndiyo wiki ambayo Wakenya hukimbizana na makataa ya kuwasilisha taarifa za ushuru kupitia mfumo wa iTax, na si kila mkulima wa majanichai au mwalimu mstaafu aliye na tarakilishi nyumbani. Ushuru unapokwisha, huja maombi ya vyuo vikuu, leseni za udereva, vyeti vya kuzaliwa na huduma nyinginezo ambazo serikali imezihamishia mtandaoni tangu mfumo wa eCitizen ulipoanzishwa mwaka wa 2014.

Kazi yenyewe ni ya macho. PIN ya mlipa ushuru huanza kwa herufi, hufuatwa na tarakimu tisa na kuishia kwa herufi nyingine. Nambari ya kitambulisho aghalabu huwa na tarakimu nane. Mhudumu wa saiba anayeona 3 palipo na 8, au 5 palipo na 6, hulazimika kuanza upya huku foleni ikirefuka mlangoni. Wakati mwingine kosa halitambuliki papo hapo. Mteja huja kuligundua miezi kadhaa baadaye, anapohitaji stakabadhi hiyo kwa jambo la dharura. Lawama humwendea mhudumu. Ni nadra sana kwa mtu kuilaumu skrini.

Hata hivyo, skrini nyingi zinastahili sehemu ya lawama hiyo. Anayezikodolea macho kutwa nzima huishia na macho yanayowasha, kichwa kinachouma kuanzia kwenye paji la uso na shingo iliyokakamaa. Jambo la kwanza linalomjia akilini ni kununua skrini kubwa zaidi. Uamuzi huo unaonekana wa busara, lakini mara nyingi huacha tatizo palepale, na mara nyingine hulizidisha.

Skrini bapa za siku hizi hujenga kila herufi kwa nukta ndogo mno, ziitwazo pikseli, zilizopangwa safu kwa safu kama matofali ya ukuta. Idadi ya nukta hizo huamuliwa kiwandani na haibadiliki daima. Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotezwa na inchi. Skrini ya umbo la karibu mraba yenye inchi 17, ambayo ingali maarufu madukani, kwa kawaida huwa na nukta 1,280 kwa upana na 1,024 kwa kimo. Ile ya inchi 19 ya umbo hilohilo nayo huwa na nukta 1,280 kwa 1,024. Anayeongeza pesa ili atoke inchi 17 hadi 19 hanunui nukta hata moja zaidi. Ananunua nukta zilezile zilizonenepeshwa, kutoka takriban milimita 0.26 hadi milimita 0.29 kila moja.

Mambo ni yayo hayo kwa skrini pana. Nyingi za inchi 21.5, inchi 24 na hata inchi 27 zina nukta 1,920 kwa 1,080. Katika ile ndogo, kila nukta ina upana wa takriban milimita 0.25, katika ile ya inchi 27 imefika milimita 0.31. Hivyo basi, iliyo kubwa zaidi dukani yaweza kuwa ndiyo yenye herufi zilizokwaruza zaidi.

Jicho zima lisilo na kasoro, likiwa umbali wa sentimita 60 ambao ndio umbali wa kawaida wa meza ya kazi, laweza kutenganisha vitu vilivyoachana kwa takriban milimita 0.17. Nukta zikiwa kubwa kuliko hapo, jicho huanza kuziona kingo zake kama ngazi ndogondogo kwenye mikunjo ya herufi. Zikiwa ndogo kuliko hapo, herufi huonekana kana kwamba zimepigwa chapa kwenye karatasi. Hiyo ndiyo sababu kijana aliyezoea kusoma kwenye simu hushangaa kuona tarakilishi ya saibani ikiwa na maandishi mabaya kuliko simu yake ya bei nafuu. Nukta za simu nyingi hazifiki hata milimita 0.1.

Anayetaka maandishi ya aina hiyo mezani ana njia mbili. Yapo maskrini ya inchi 27 yenye nukta 2,560 kwa 1,440, ambapo kila nukta ni milimita 0.23, na yapo ya inchi 24 yenye nukta 3,840 kwa 2,160, ambapo nukta hushuka hadi milimita 0.14. Hayo ya pili ndiyo yanayokaribia karatasi. Lakini kuna mtego ambao muuzaji huenda asiutaje: tarakilishi nyingi za zamani haziwezi kutuma nukta zaidi ya 1,920 kwa 1,200 kupitia matundu yake ya nyuma. Mwenye mashine ya miaka 15 akiiunganisha na skrini ya nukta 2,560, atapata picha iliyovutwa na kutandazwa, na pesa zake zitakuwa zimempa ukungu wa ghali.

Neno ukungu halihitaji kufafanuliwa kwa mkazi wa Kangari, mji ulio kwenye miinuko ya majanichai inayopakana na msitu wa Aberdare. Ukungu wa milimani huondoka jua linapopanda. Ule wa kwenye skrini hubaki, na chanzo chake kikuu katika maduka mengi hakigharimu hata senti moja kukiondoa.

Chanzo hicho ni desturi iliyorithiwa kutoka enzi za skrini kubwa za kioo zilizokuwa na kisogo kama cha televisheni za kale. Skrini hizo zilichora picha kwa miale, na mtumiaji aliyeona herufi ni ndogo aliingia katika mipangilio, akapunguza idadi ya nukta na kupata herufi kubwa zilizo safi vya kutosha. Wengi walifundishwa hivyo katika vyuo vya kompyuta, nao wakawafundisha wengine. Katika skrini bapa, ujuzi huo umegeuka kuwa madhara.

Chukua mfano wa skrini ya inchi 19 yenye nukta 1,280 kwa upana. Mhudumu anaiteremsha hadi nukta 1,024 ili herufi zikue. Tarakilishi sasa inatuma picha ya nukta 1,024, nayo skrini inalazimika kuitandaza juu ya nukta zake 1,280. Kila nukta ya picha inapaswa kukaa juu ya nukta moja na robo ya kioo. Nukta haikatiki robo. Skrini hufanya inaloweza: hupaka rangi ya kijivu pale ambapo robo hiyo ingekuwa, na kingo za kila herufi zikatiwa masizi. Jicho hujaribu kuikaza herufi hiyo ionekane sawasawa, linashindwa, linajaribu tena, na hivyo ndivyo linavyoshinda siku nzima.

Tiba ni kurejesha skrini kwenye idadi yake ya asili ya nukta, kisha kukuza maandishi kwa njia nyingine. Katika Windows 10 na Windows 11, mtumiaji hubofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu, hufungua mipangilio ya skrini na kuchagua idadi ya nukta iliyoandikiwa kwamba ndiyo inayopendekezwa. Papo hapo kuna sehemu ya ukuzaji, ambapo anaweza kuongeza maandishi hadi asilimia 125 au 150. Anayesoma kurasa za mtandao pekee hahitaji hata hayo: akibonyeza Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha, ukurasa hukua, na herufi hukua zikiwa safi kwa sababu huchorwa upya badala ya kuvutwa.

Aidha, Windows huja na programu ndogo iitwayo ClearType, ambayo hulainisha kingo za herufi kwa kutumia vijisehemu vyekundu, vya kijani na vya buluu vilivyo ndani ya kila nukta. Windows XP, iliyotolewa mwaka wa 2001, ilikuja nayo ikiwa imezimwa, na watu wengi waliitumia kwa miaka kadhaa bila kujua kwamba ipo. Katika matoleo ya baadaye huwa imewashwa, ila huhitaji kurekebishwa kulingana na skrini husika. Ukiandika jina hilo kwenye kisanduku cha kutafutia, utaonyeshwa vifungu vya maandishi na kuulizwa ni kipi kinachosomeka vyema zaidi. Shughuli nzima huchukua dakika mbili.

Baada ya nukta, mshukiwa anayefuata ni waya. Ule wenye kichwa cha buluu na skrubu mbili, uitwao VGA, ungali unaonekana kila mahali kuanzia Karatina hadi Murang'a. Waya huo hupeleka picha ya tarakimu ikiwa imegeuzwa kuwa mawimbi ya umeme, kisha skrini hulazimika kukisia kila nukta ilianzia wapi na kuishia wapi. Ikikisia vibaya, herufi hupata kivuli upande mmoja au hutetemeka kama zinazoonekana chini ya maji. Waya ukiwa mrefu na mwembamba, kivuli huzidi. Njia za DVI, HDMI na DisplayPort hupeleka tarakimu zenyewe, kwa hivyo hakuna la kukisia.

Aliye na skrini yenye tundu la VGA pekee asikate tamaa. Skrini nyingi za aina hiyo zina kitufe kilichoandikwa Auto. Kifungue kwanza chochote chenye maandishi mengi kiasi cha kujaza skrini, halafu ukibonyeze. Skrini hupima mawimbi upya na mara nyingi herufi hutulia hapo hapo. Inashangaza jinsi kitufe hiki kinavyoweza kukaa miaka mingi bila kuguswa.

Hadi hapa suala limekuwa usafi wa herufi. Utulivu wa macho ni jambo jingine, na wakati mwingine mambo hayo mawili huvutana. Skrini ya inchi 17 ina nukta ndogo kuliko ya inchi 19 na hivyo herufi zake ni safi zaidi, lakini ni ndogo. Kijana wa miaka 22 ataipenda. Mama wa miaka 50 anayesimamia duka lake mwenyewe huenda akapata afueni zaidi kwa ile ya inchi 19, hata kama nukta zake zinaonekana, kwa kuwa halazimiki kuinama. Katika hali hii, si kweli kwamba skrini safi zaidi ndiyo bora zaidi. Swali la kwanza linapaswa kuwa nani atakayekaa mbele yake.

Kuna pia suala la mwanga. Skrini bapa nyingi hazitoi mwanga kutoka kwenye nukta. Taa zilizo nyuma ya kioo ndizo zinazoangaza. Katika zile za zamani, taa hizo ni mirija myembamba inayofanana na ile ya dari, na katika zilizofuata ni LED. Watengenezaji wengi walichagua njia rahisi ya kupunguza mwangaza: badala ya kuufifisha kweli, taa huwashwa na kuzimwa mamia ya mara kwa sekunde. Jicho halioni kuzima huko, ila huona wastani wake. Lakini wapo watu ambao mishipa yao ya fahamu haidanganyiki, nao huumwa na kichwa bila kujua sababu.

Ajabu ni kwamba mtu mwenye macho yaliyochoka hupunguza mwangaza ili ayapumzishe, na katika skrini kama hizo, kadiri mwangaza unavyopunguzwa ndivyo kipindi cha kuzima kinavyorefuka. Anayekimbia moshi huangukia motoni.

Kasoro hii hugunduliwa kwa penseli. Ifanye skrini iwe nyeupe yote, punguza mwangaza hadi karibu na mwisho, kisha punga penseli haraka mbele yake, huku na huku. Penseli ikionekana kama upepo laini wa kijivu, mwanga ni thabiti. Ikionekana kama penseli nyingi zilizopangwa kama vijiti vya kipepeo, taa zinawaka na kuzima. Mnunuzi anayefanya hivyo dukani huenda akachekwa. Na acheke wa kucheka. Skrini mpya za miaka ya karibuni nyingi zimeondolewa tatizo hili, na hutangazwa kwa sifa hiyo kwenye kasha.

Nyingi za skrini zinazouzwa katika miji ya Mlima Kenya, hata hivyo, si mpya. Ni zile ziitwazo ex-UK, zilizotumika katika ofisi za ng'ambo, zikaingia nchini kupitia Mombasa na kufikia wanunuzi kutoka maduka ya Nairobi, mathalani yale ya barabara za Luthuli na Moi. Hazifai kudharauliwa. Skrini iliyotengenezewa ofisi kubwa mara nyingi huwa na kigingi kinachopanda na kushuka, kioo kisichometameta na matundu ya kutosha, mambo ambayo skrini mpya ya bei ya chini huyakosa.

Nyingine huwa na nembo ya TCO upande wa mbele au nyuma. Nembo hiyo ilianzishwa nchini Uswidi mwaka wa 1992, si na watengenezaji, bali na shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa ofisini, ambao ndio waliokuwa wakishinda mbele ya skrini na kutaka viwango vya kuwalinda. Imerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Kwa mnunuzi wa kifaa kilichotumika, ni mojawapo ya ishara chache kwamba kuna mtu aliyewahi kukipima akiwa na mtumiaji akilini.

Kinachohitajika kwa ex-UK ni subira. Skrini iwashwe na iachwe kwa nusu saa, kwa sababu kasoro za kapasita zilizochakaa ndani yake huenda zisijitokeze papo hapo: picha hucheza, hufifia au huzima ghafla. Mirija ya taa iliyozeeka huifanya karatasi nyeupe ionekane ya manjano, na pembe moja huwa na giza kuliko nyingine. Kisha ijazwe rangi moja moja, nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu, ili nukta zilizokufa zijitokeze. Nukta moja iliyokufa pembeni haimuumizi mtu. Iliyokufa katikati itamkera mwenyewe kila siku. Muuzaji anayekataa skrini yake iwashwe nusu saa amekwisha kumsaidia mnunuzi kuamua.

Kioo chenyewe kina aina tatu kuu. TN ni ya bei ya chini, na hugeuza rangi mtu anapoitazama kutoka chini au pembeni, kiasi kwamba mteja aliyesimama kando ya mhudumu haoni anachokiona mhudumu. VA ina weusi wa kina lakini huacha kivuli maandishi yanapopandishwa na kushushwa haraka. IPS, iliyobuniwa na kampuni ya Hitachi ya Japani na kuanza kuuzwa mwaka wa 1996, huonekana sawa kutoka pande zote na ndiyo inayofaa zaidi kwa anayesoma na kuandika. Asiye na karatasi ya maelezo aitazame skrini akiwa amechuchumaa, kisha akiwa amesimama. Rangi zikigeuka, hiyo ni TN. Skrini za wachezaji wa michezo, zenye kubadilisha picha mara 144 kwa sekunde au zaidi, hufanya ukurasa uteleze vizuri unapoushusha, ila hazifanyi herufi zilizotulia kuwa safi zaidi. Kwa saiba, pesa hizo zina matumizi bora.

Televisheni nazo zimeanza kugeuzwa kuwa skrini za tarakilishi kwa sababu ya ukubwa na bei. Televisheni ya inchi 32 ya kawaida ina nukta 1,366 kwa 768, na kila nukta ina takriban milimita 0.52. Hiyo ni mara mbili ya nukta ya skrini ya inchi 21.5. Televisheni ilikusudiwa kutazamwa kutoka upande wa pili wa sebule, si kutoka sentimita 60. Zaidi ya hayo, nyingi hukata kingo za picha na kuongeza mistari ya bandia kuzunguka vitu ili mpira na sinema zionekane kali, mistari ambayo huzichafua herufi. Aliyekwisha kuinunua anaweza kupunguza madhara kwa kutafuta katika mipangilio yake hali ya kutumiwa na tarakilishi, na kuisogeza mbali.

Skrini nzuri yaweza kuharibiwa na mahali ilipowekwa. Duka la kawaida la sokoni lina mlango mpana unaotazama barabara na kuta zenye giza nyuma. Skrini ikiupa mlango kisogo, mhudumu hutazama kioo chenye mwanga wa wastani huku mwanga mkali wa nje ukimpiga usoni. Ikiuelekea mlango, kioo huwa kama cha kujitazamia. Inafaa isimame ubavu kwa mlango, ili mwanga upite kando. Na kwa vile asubuhi ya Julai yenye baridi na ukungu haina mwanga sawa na adhuhuri ya Januari, mwangaza wa skrini nao usiachwe palepale mwaka mzima. Karatasi nyeupe ikishikwa kando ya ukurasa mweupe wa skrini, viwili hivyo vinapaswa kukaribiana. Skrini ikiwa inang'aa kama taa kando ya karatasi hiyo, ipunguzwe. Ikiwa ya kijivu, iongezwe.

Kuhusu mwanga wa buluu, yamesemwa mengi na kuuzwa mengi. Miwani ya kuuzuia hutembezwa hadi vijijini. Chama cha madaktari wa macho nchini Marekani hakipendekezi miwani hiyo, kikisema hakuna ushahidi kwamba mwanga wa skrini huharibu macho. Tathmini ya majaribio mbalimbali iliyochapishwa na shirika la Cochrane mwaka wa 2023 ilionyesha kwamba pengine miwani hiyo haipunguzi uchovu wa macho kwa muda mfupi ikilinganishwa na miwani ya kawaida. Kuipa skrini rangi ya manjano jioni huenda kukamsaidia mtu anayetatizwa na usingizi, na huduma hiyo imo ndani ya Windows bila malipo.

Kinachoyachosha macho zaidi ni kwamba mtu anayekazia skrini husahau kupepesa kope. Macho hukauka, yakaanza kuwasha kama yaliyoingiwa na mchanga. Wataalamu hushauri kwamba kila baada ya dakika 20 mtu atazame kitu kilicho umbali wa futi 20, yaani takriban mita sita, kwa sekunde 20. Kwa mhudumu wa Kangari hilo ni jepesi kuliko kwa mwenzake aliyezingirwa na kuta za Nairobi: anainua tu macho na kutazama kilima cha majanichai kilicho ng'ambo.

Likibaki tatizo baada ya haya yote, huenda skrini haina hatia. Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hupoteza wepesi wa kujikunja na vitu vya karibu huanza kufifia. Mtu huirudisha skrini nyuma kidogo kidogo, akidhani imezeeka. Kupimwa macho katika hospitali ya kaunti au kwa mtaalamu aliyesajiliwa huenda kukamwondolea gharama ya skrini mpya.

Ila anapopimwa ni vyema ataje kwamba anafanya kazi ya tarakilishi, na apime mapema kwa utepe umbali kutoka macho yake hadi kwenye kioo. Miwani ya kusomea gazeti au Biblia hutengenezewa umbali wa sentimita 40 hivi, ilhali skrini iko sentimita 60 au 70. Anayevaa hiyo mezani hujikuta amesogeza uso mbele, na mgongo ukamfuata. Mwenye miwani ya sehemu mbili, ya kutazama mbali juu na ya kusoma chini, huinua kidevu ili aione skrini kupitia sehemu ya chini, na jioni shingo humuuma hata kama macho yametulia. Huyo anapaswa kuiteremsha skrini yake. Kama haina kigingi cha kushuka, aondoe vitabu au kasha alilolitumia kuipandisha, na aiinamishe kidogo kwa nyuma.